Begi la Mazoezi kwa Mkazi wa Dar

Watu wengi huchagua begi la mazoezi wakiwa wanaiwaza jimu: vyuma, vioo, muziki, na namna watakavyoonekana wakiingia mlangoni. Hesabu kwanza saa. Mtu anayeishi Kimara, anayefanya kazi Posta na kupiga tizi Sinza jioni, hukaa jimu saa moja unusu hivi. Begi lake huondoka nyumbani alfajiri, hubanwa ndani ya mwendokasi, hushinda chini ya meza ofisini, hubanwa tena jioni hadi Shekilango, hutupwa kwenye sakafu ya chumba cha kubadilishia nguo, kisha hurudi Kimara usiku likiwa na fulana iliyolowa jasho. Huko jimu kwenyewe begi halina kazi ila kungoja.

Kwa hiyo begi linachaguliwa kwa mambo mawili: safari utakayolibeba na unyevu utakaolala ndani yake. Nembo, rangi na wingi wa mifuko vije baadaye sana. Ninaandika nikiiwaza Dar es Salaam, mji wa joto na msongamano, lakini msomaji wa Mombasa, Tanga au Unguja ataona mambo ni yale yale. Wa Arusha au Nairobi apunguze kidogo hofu ya joto, aongeze nafasi ya sweta.

Mwaga vitu vyote kitandani

Kabla ya kwenda dukani, toa kila kitu unachobeba siku ya mazoezi ukitandaze kitandani. Raba, soksi, bukta au suruali ya mazoezi, fulana, taulo, ndala za bafuni, sabuni, mafuta, chupa ya maji, chaja, funguo. Kama unatokea kazini, ongeza nguo za ofisini au, kinyume chake, nguo safi za kurudia nyumbani. Mnyanyua vyuma ana mkanda wa kiuno na glavu. Bondia ana glavu mbili nene ambazo peke yake zinaweza kumaliza nusu ya begi dogo. Dada anayevaa hijabu atahitaji nyingine kavu ya kuvaa baada ya mazoezi, pamoja na mfuko mdogo wa pini na vitu vyake binafsi. Anayecheza mpira jioni ana njumu zenye udongo, na hizo ni habari nyingine kabisa, kwa sababu udongo hauwezi kukaa pamoja na shati la kazini.

Sasa pima rundo hilo. Ukubwa wa begi hutajwa kwa lita, lakini mabegi mengi ya madukani kwetu hayana maandishi hayo, au yana maandishi yasiyoaminika. Chukua futi ya fundi nguo, pima urefu, upana na kina kwa sentimita, zidisha vyote vitatu, kisha gawa kwa 1,000. Begi la mgongoni lenye urefu wa sentimita 45, upana wa 30 na kina cha 20 lina lita 27. Begi refu la mkononi lenye sentimita 50 kwa 25 kwa 25 lina lita 31 na kidogo, ingawa kama ncha zake ni za mviringo utapungukiwa na lita kadhaa.

Anayefika jimu akiwa ameshavaa nguo za mazoezi na kwenda kuoga kwake, lita 15 hadi 20 zinamtosha. Anayebadilisha nguo na kuoga huko huko atafute lita 25 hadi 30. Anayebeba kompyuta mpakato juu ya hayo yote, au glavu za ngumi, aende 35. Zaidi ya 45 ni begi la safari ya Mwanza, na ukilinunua kwa ajili ya mazoezi utalijaza vitu usivyovihitaji mpaka bega likuume.

Uzito nao upimwe. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ongeza raba, taulo, nguo na kompyuta, uone unavyokaribia kilo saba au nane bila hata kugusa mkanda wa vyuma. Ndiyo sababu begi lenyewe likiwa tupu lisizidi kilo moja. Mabegi ya ngozi halisi ni mazuri machoni na hudumu, lakini mengi yanavuka kipimo hicho kabla hujaweka hata soksi.

Utalibeba vipi, na ndani ya chombo gani

Hapa usiwe na haraka, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Kuna maumbo matatu yanayouzwa kwa wingi. La kwanza ni begi la mgongoni lenye mikanda miwili. La pili ni begi refu la kubeba kwa mkono au bega moja, lile linaloonekana kwenye picha za wanamichezo. La tatu ni kibegi cha kamba mbili nyembamba kinachofungwa kwa kuvuta mdomo.

Ukipanda mwendokasi au daladala saa za watu wengi, chagua la mgongoni. Begi refu la bega moja ndani ya basi lililojaa linaumiza watu wengine: ncha moja iko tumboni kwa mtu aliye mbele, ncha ya pili iko nyuma yako mahali usipoona mkono wa nani uko kwenye zipu. La mgongoni unaligeuza kifuani unapoingia tu, zipu ikawa chini ya macho yako. Ili ligeuzike vizuri kina chake kisizidi sentimita 20 au 22. Likizidi hapo utashindwa kushika bomba, na abiria wenzako watakuambia. Ukipata kiti, begi la upana wa sentimita 30 linatulia mapajani. Lile refu litamfikia jirani.

Kwenye bodaboda mambo yanabadilika. Begi zito mgongoni linakuvuta nyuma kila dereva anapoondoka kwa kasi, kwa hiyo mikanda ikazwe hadi begi likae juu, karibu na mabega, lisining'inie kiunoni. Mkanda mdogo wa kuunganisha kifuani, ambao watu wengi huukata kwa kuuona hauna maana, unafanya kazi kubwa hapa: unazuia mikanda mikubwa isiteleze mabegani. Ncha za mikanda zinazoning'inia zifungwe au zikunjwe. Mkanda mrefu unaopepea karibu na gurudumu la nyuma au mnyororo unaweza kunaswa na kukuangusha, na hilo ni jambo la kulifikiria ukiwa bado dukani, begi likiwa mkononi.

Bajaji ina pande zilizo wazi, na wakwapuzi wa pikipiki wanapenda begi lililowekwa kitini upande wa barabara. Liweke chini katikati ya miguu, upitishe mguu ndani ya mkanda mmoja. Kibegi cha kamba hakifai kwa hili wala kwa lolote lenye uzito. Kamba zake hukata mabega, mdomo wake hufunguka kwa kidole kimoja, na hakina kinga yoyote kati ya mgongo wako na chupa ya maji. Kinamfaa anayekwenda kukimbia Coco Beach Jumapili asubuhi na ndala, kikoi na funguo. Kwa kazi hiyo ni kizuri na ni cha bei ndogo, na kikilowa kinakauka upesi.

Mwenye gari ana uhuru wa kuchagua umbo lolote, na hapo begi refu linashinda mengine: linafunguka lote, unaona kila kitu, viatu vinalala bila kupindwa. Ila asilifanye buti la gari kuwa kabati lake. Gari lililoegeshwa juani Dar linakuwa tanuri, na joto hilo linalegeza gundi za viatu, linaharibu bitana ya begi na kuivisha harufu ya fulana ya jana.

Ukishajua umbo, kagua mikanda. Mkanda wa bega uwe na upana wa sentimita tano au zaidi, wenye sponji inayorudi ukiibonyeza. Sponji inayobaki na alama ya kidole itakuwa imelala kabisa baada ya miezi michache. Kwenye mgongo tafuta matuta mawili ya sponji yenye mfereji katikati ili hewa ipite. Hutazuia jasho la mgongoni kwa mji huu, hakuna begi linaloweza, lakini utalipunguza. Mfuko wa chupa uwe nje, ubavuni, wa wavu wenye mpira. Chupa ya maji baridi hutoka jasho yenyewe kwa unyevu wa hewa yetu, na ikiwekwa ndani italowesha nguo kavu kabla hata hujafika. Kompyuta ikae kwenye chumba chake upande wa mgongo, na chini ya chumba hicho pawe na sponji, maana begi likiwekwa chini kwa kishindo kona ya kompyuta ndiyo hupokea pigo.

Tazama pia kabati za jimu yako kabla ya kununua. Nyingine ni nyembamba kiasi kwamba begi refu haliingii, nyingine hazipo kabisa na mabegi hupangwa kwenye rafu za wazi. Kama ni rafu za wazi, tafuta zipu yenye vichwa viwili vinavyokutana, vyenye matundu ya kupitishia kufuli dogo.

Adui mkubwa ni unyevu

Jasho likitoka mwilini karibu halina harufu. Harufu hutengenezwa na bakteria wa kwenye ngozi na nguo wanapolila jasho hilo, na bakteria hao hustawi penye joto, maji na giza. Ndani ya begi lililofungwa wanavipata vyote vitatu. Fulana za poliesta, ambazo ndizo nyingi za mazoezi, hushika mafuta ya mwili na harufu kuliko pamba, kwa hiyo begi la mpiga tizi wa leo lina mtihani mgumu kuliko la babu yake aliyecheza mpira na singlendi ya pamba. Juu ya bakteria weka fangasi, wanaopenda viatu vilivyolowa na taulo isiyokauka, na mvua za masika kuanzia Machi hadi Mei, wakati hata shuka lililofuliwa hukataa kukauka. Vuli ikija Oktoba, shughuli inaanza upya.

Kwa miaka mingi suluhisho letu lilikuwa mfuko wa rambo: nguo mbichi unazifunga ndani, unatupia kwenye begi, basi. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania. Kenya ilitangulia Agosti 2017, Rwanda tangu 2008. Ninaiunga mkono marufuku hiyo kwa moyo wote, maana mitaro yetu imeona faida. Lakini mifuko mbadala tunayopewa sokoni sasa inapitisha maji, na mpiga tizi anayeitumia kufungia bukta mbichi hugundua hilo kupitia daftari lililolowa. Kwa sababu hiyo sehemu ya nguo mbichi ni hitaji la lazima kwenye begi unalonunua leo.

Sehemu hiyo huja kwa namna mbili. Moja ni mfuko wenye bitana isiyopitisha maji, uliofungwa kwa zipu yake. Huu unalinda vitu vikavu vizuri sana, lakini unaivundisha fulana. Nyingine ni mfuko wenye wavu au matundu ya chuma yanayotazama nje, ambao unapumua lakini unaweza kupitisha maji na harufu kwa jirani yako kwenye basi. Kwa nguo zinazodondosha maji, kama za kuogelea, chukua ule wa bitana. Kwa viatu chukua wa matundu. Begi lenye vyote viwili ndilo bora, na siku hizi yapo mengi hata katika bei za kawaida.

Kuna jambo wauzaji hawalisemi kuhusu mfuko wa viatu. Mara nyingi mfuko huo hauongezi nafasi. Umeshonewa kwa ndani, na ukiweka viatu unavimba kuelekea chumba kikubwa na kuila nafasi yake. Begi la lita 27 lenye raba mfukoni linaweza kubakiwa na lita 20 tu za vitu vingine. Raba ya mtu mzima wa namba 43 ina urefu wa sentimita 30 hivi, kwa hiyo mfuko wenye upana wa ndani chini ya 32 utakulazimisha kuipinda au kuacha zipu wazi. Pima ndani, kwa mkono wako. Upana wa nje unadanganya.

Kama begi ulilolipenda halina sehemu ya unyevu, si lazima uliache. Fundi cherehani yeyote wa mtaani anaweza kukushonea mfuko kwa kitambaa cha mwavuli uliovunjika: kitambaa hicho ni chepesi, hakipitishi maji kirahisi, na kipo katika kila nyumba. Mwambie akunje mishono mara mbili na aweke mdomo mrefu wa kukunja mara tatu na kufunga kwa klipu au kifungo. Mifuko ya namna hiyo, iliyotengenezwa kiwandani kwa turubai la plastiki nene, hutumiwa na waendao baharini na huuzwa pia kwenye maduka ya vifaa vya michezo.

Halafu punguza unyevu wenyewe. Taulo nene ya kuogea ndiyo mzigo mkubwa wa maji ndani ya begi. Watu wa pwani tuna kikoi na kanga, vitambaa vya pamba nyembamba vinavyokausha mwili vya kutosha, vinavyokunjika vikatosha kwenye kiganja, na vinavyokauka kwenye kamba usiku mmoja. Sijui kwa nini wengi wetu tunaviacha nyumbani na kubeba taulo la hoteli. Ndala za bafuni zikung'utwe maji na zikae na viatu, zisikae na kikoi, kwa sababu fangasi wa miguuni hawana ubaguzi wa mahali pa kuhamia.

Kitambaa, zipu na mishono

Mabegi mengi ya mazoezi ni ya poliesta au nailoni. Zote mbili zinafaa. Nailoni kwa unene ule ule huvumilia msuguano zaidi. Poliesta huvumilia jua vizuri zaidi na bei yake ni ndogo. Ukiona kwenye lebo namba kama 420D au 600D, hiyo D ni denie, yaani uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000. Namba kubwa maana yake uzi mnene. Kwa matumizi ya kila siku 600D ya poliesta au 420D ya nailoni inatosha. Ile ya 1680D ni ngumu kweli kweli, lakini ni nzito na hukauka polepole. Turubai la pamba ni zuri kwa macho, linashoneka, na fundi yeyote analimudu, ila linakunywa maji na kuota ukungu masika. Ningelichagua Dodoma, Dar nisingelichagua.

Ngozi bandia iache. Nasema hivi bila kupepesa. Ngozi bandia nyingi ni kitambaa kilichopakwa tabaka la poliyurethani, na tabaka hilo humegwa na mvuke wa maji ulioko hewani, hasa penye joto. Huanza kwa kunata, kisha hubanduka vipande vidogo vyeusi vinavyoshika kwenye shati. Hakuna dawa ya kurudisha. Tabaka kama hilo hupakwa pia ndani ya mabegi ya nailoni na poliesta ili yasipitishe maji, na huko nako huchakaa vivyo hivyo, ingawa polepole zaidi. Ukifungua begi la zamani ukakuta ndani kunanata na kunanuka kama siki, ujue safari yake imekwisha hata kama nje linang'aa.

Begi hufa kwa zipu kabla ya kufa kwa kitambaa. Zipu huitwa kwa namba, na namba hiyo inakaribiana na upana wa meno yakiwa yamefungwa, kwa milimita. Namba 5 inafaa mifuko midogo. Chumba kikubwa kiwe na namba 8 au 10. Meno ya plastiki nene huvumilia mchanga na chumvi ya bahari; zipu ya koili, ile yenye uzi uliojikunja, hupinda vizuri kwenye kona na ikifunguka katikati mara nyingi inarudi ukivuta kichwa nyuma na mbele. Ya chuma, ukiwa mtu wa pwani, itapata kutu kwa jasho na hewa ya bahari. Kampuni ya YKK ya Japani, iliyoanza mwaka 1934, inajulikana kwa zipu imara, lakini herufi hizo peke yake si ushahidi, maana zinaghushiwa kila mahali. Ushahidi uko mkononi: vuta zipu kwa kidole kimoja, taratibu, hadi kwenye kona. Ikikwama dukani begi likiwa tupu, itakatika nyumbani likiwa limejaa.

Mishono itazame pale mkanda unapoungana na begi. Unataka kuona mraba ulioshonwa na msalaba katikati, au mistari mingi iliyorudiwa papo hapo. Mstari mmoja wa uzi mwembamba hautoshi kwa kilo nane zinazoruka na daladala kwenye matuta ya barabara. Ndani, kingo za kitambaa ziwe zimefunikwa na utepe. Kingo zilizoachwa wazi hutoa nyuzi, nyuzi hunaswa na zipu, na zipu hufa. Kitako kiwe na kitambaa cha pili au vifundo vya plastiki vya kulinyanyua begi kutoka sakafu yenye maji.

Rangi ya nje ni uamuzi wako. Rangi ya ndani iwe ya mwanga, kijivu au chungwa, uweze kuona funguo umeme ukikatika.

Kulitunza

Usiku ule ule, kabla ya kula, toa kila kitu. Acha zipu zote wazi, lining'inize begi kichwa chini mahali penye upepo. Usiliache juani kutwa nzima. Muda wa saa moja asubuhi unatosha, zaidi ya hapo mionzi inaanza kula nyuzi na kufifisha rangi. Mara moja kila mwezi ligeuze ndani nje, lisugue kwa brashi laini na sabuni ya maji kwenye maji vuguvugu. Mashine ya kufulia inakunja sponji na kubandua tabaka la ndani, usilitie humo. Harufu ikishaota mizizi, nyunyiza magadi ya kuokea ndani uyaache usiku kucha, uyakung'ute asubuhi. Au futa kwa siki iliyochanganywa na maji, sehemu moja kwa nne. Siki na jiki visikutane kamwe, iwe kwenye begi au kwenye beseni. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, na gesi hiyo huumiza mapafu.

Zipu iliyolegea, mkanda uliong'oka na klipu iliyovunjika ni kazi za fundi viatu wa mtaani, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya begi jipya. Mpelekee mapema. Mshono ukianza kufumuka sentimita moja anaumaliza ukiwa umesimama hapo hapo.

Kariakoo au Karume?

Mapya yanajaa Kariakoo, Mtaa wa Kongo na Msimbazi, na kwenye maduka ya michezo ya mijini. Ya mtumba yako Karume pale Ilala, kama yalivyo Kongowea kwa watu wa Mombasa na Gikomba kwa wa Nairobi. Ukiniuliza, kwa pesa ile ile begi la mtumba lililochaguliwa vizuri mara nyingi lina zipu na mishono bora kuliko jipya la bei ya chini lenye nembo kubwa ya kughushi. Lakini mtumba unataka jicho. Tia mkono ndani upapase kila kona ukitafuta kunata. Nusa, tena kwa dhati, mfuko wa viatu hasa. Harufu ya jasho inatoka kwa kufua, harufu ya siki iliyokolea au ukungu haitoki. Kunja sehemu ya kitambaa uone kama kinapasuka vipande vidogo. Funga na fungua kila klipu, kwa sababu plastiki iliyozeeka inavunjika kwa sauti kavu na ni afadhali ivunjike kabla hujalipa. Madoa ya nje, vumbi, hata tundu dogo la kitambaa, hivyo vitumie kushushia bei.

Kwa begi jipya, kumbuka maandishi yanayobandikwa ukutani katika maduka mengi: bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Kwa hiyo majaribio yote yafanyike kabla pesa haijatoka mfukoni. Nenda na vitu vyako: raba zako, chupa ikiwa imejaa maji, kikoi na nguo ulizozitandaza kitandani. Viingize vyote, raba zikiwa kwenye mfuko wake, funga zipu, livae begi mgongoni, kisha ligeuze kifuani. Tembea hadi mlango wa pili wa duka na urudi. Mwenye duka anayejua bidhaa yake atakuachia ufanye hivyo na pengine atakusaidia kurefusha mikanda. Akikukataza, mshukuru, nenda duka la jirani.